Mbegu za leo zilianza miezi mitatu nyuma

Hapa Arua, mji wa eneo la West Nile nchini Uganda, mwanaume akipewa majibu ya kipimo cha shahawa huyapokea kama hukumu. Idadi ikiwa ndogo, basi kwake mambo yamekwisha. Mimi ni mtu wa maabara, na ningependa kila mume, na kila mama mkwe pia, ajue kwamba mbegu ninazozihesabu asubuhi hii hazikutengenezwa juzi. Zilianza safari karibu miezi mitatu nyuma, na yote yaliyoupata mwili wa yule bwana katika kipindi hicho yamo ndani ya hesabu yangu.

Ndani ya korodani mna vijirija vyembamba vilivyojikunja, ambavyo ukivinyoosha na kuviunganisha vinafika mamia ya mita. Kwenye kuta zake zimo seli mama, na hizo mtoto wa kiume huzaliwa nazo. Hukaa kimya mpaka balehe, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo inapoleta homoni mbili. Moja huziamuru seli za Leydig zitoe testosteroni, homoni ya kiume. Nyingine huziendea seli za Sertoli, walezi wa mbegu, zilizopewa jina la Mwitaliano Enrico Sertoli aliyezieleza mwaka 1865. Hapo seli mama huanza kugawanyika: nyingine hubaki kuwa akiba, nyingine husonga mbele. Kila seli inayosonga huwa na kromosomu, yaani nyuzi za urithi, 46, na mwisho wa mgawanyiko huzaa seli nne zenye 23 kila moja. Mbili hubeba kromosomu X, ya kuzaa msichana, mbili hubeba Y, ya kuzaa mvulana. Wanaomsimanga mke kwa kuzaa wasichana watupu wangeanza kusoma hapo.

Lakini seli hizo bado ni duara tu, hazina mkia. Walezi huzishikilia huku zikijibadilisha: kiini hubanwa kikawa kichwa kidogo, juu yake huvikwa kofia yenye vimeng'enya vya kupenyea yai, mkia huota, na mitokondria hujizungusha shingoni kuupa mkia nguvu. Toka seli mama hadi hapa ni siku 64 hadi 74 hivi.

Bado haziwezi kuogelea, na watu wengi hushangaa nikiwaambia. Husukumwa kwenye mrija mmoja ulioviringwa nyuma ya korodani, epididimisi, wenye urefu wa kama mita 6, na ndani yake hukaa siku kadhaa, pengine zikakaribia wiki mbili. Humo ndimo hupata uwezo wa kwenda mbele. Hata zikishatoka kwa mwanaume hazijakamilika. Hatua ya mwisho, ile ya kuziwezesha kuingia kwenye yai, hufanyika ndani ya mwili wa mwanamke.

Kazi hii yote hutaka ubaridi. Korodani huning'inia nje kwa sababu zinahitaji joto lililo chini ya la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4. Sasa fikiria malaria yetu ya West Nile, mtu anachemka nyuzi 40 siku kadhaa.

Alikuja kijana wa bodaboda na karatasi ya kipimo kutoka kwingine, amevunjika moyo kabisa. "Daktari, nyumbani wameshaitisha kikao. Wanataka nioe mwingine, au mke wangu arudi kwao." Nikamuuliza kama aliugua hivi karibuni. Kumbe alikuwa amelazwa kwa malaria kali, amewekewa sindano za artesuneti, na kipimo kile kilifanywa wiki chache tu baadaye. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hizo ni mbegu za homa. Subiri miezi mitatu, tupime tena." Sikumwahidi kitu. Aliporudi, idadi ilikuwa imepita milioni 16 kwa mililita, kile kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka mwaka 2021. Mwendo wa mbegu zake bado ulikuwa wa polepole, nikampeleka kwa daktari wa mambo hayo. Lakini kikao kiliahirishwa.

Kinachoniogopesha zaidi siku hizi ni vijana wa jimu wanaojidunga testosteroni wakidhani wanaongeza uanaume. Homoni ikiingizwa mwilini kutoka nje, pituitari huona ipo ya kutosha, hukata amri zake, na kiwanda kinasimama. Wengine hurudi kawaida baada ya kuacha, ila huchukua miezi mingi.

Ukija kupima, njoo na mkeo, naye apimwe. Kaa bila tendo siku 2 hadi 7. Kama sampuli unaitolea nyumbani, ifike ndani ya saa moja, umeibeba karibu na mwili. Na kabla sijakukabidhi kikopo nitakuuliza: ulipata homa miezi hii mitatu? Umetumia dawa gani? Ukiniambia, naandika pembeni ya fomu ili daktari atakayesoma majibu ayaone yote pamoja.