Kuiondoa OpenSSL 1.1.1

Jana usiku, nikiwa nyumbani Nzuguni, Dodoma, niliondoa katika programu yetu huria ya kutunza rekodi za mizani ya zabibu sehemu yote iliyokuwa ikihudumia OpenSSL 1.1.1. Maktaba hiyo, ambayo kazi yake ni kuyafunga kwa siri mawasiliano kati ya kompyuta ya karani na seva, ilitolewa tarehe 11 Septemba 2018, na waandaaji wake wakaacha kuitolea umma viraka vya usalama tarehe hiyo hiyo mwaka 2023. Toleo la 3.0 lilikuwa limekwisha kutoka tangu Septemba 2021.

Nilichelewa kwa sababu ya watu. Karani mmoja wa Hombolo, hapa hapa Dodoma, mama ninayemheshimu sana, alikuwa na kompyuta yenye mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04, uliokuja na 1.1.1, na Ubuntu wenyewe waliendelea kuitia viraka hadi huduma ya kawaida ya mfumo huo ilipofungwa mwaka 2025. Kwa ajili yake na wenzake niliweka njia mbili ndani ya faili linalotia kila rekodi muhuri, yaani alama ya kuonyesha kwamba haijachezewa: sharti linauliza kama toleo la maktaba liko chini ya 0x30000000L, namba inayowakilisha 3.0; likiwa chini, kazi inapitia HMAC_CTX_new, amri ya zamani, na lisipokuwa chini inapitia EVP_MAC_CTX_new, amri mpya. Muhuri unaotoka ni ule ule, lakini kila nilipogusa njia moja ilinibidi niguse na ya pili, na ile ya zamani nilikuwa na miezi sijaijaribu kwenye mashine halisi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kuendelea kuandika kwamba tunaihudumia kulikuwa ni kumwambia yule mama kwamba yuko salama, hali mimi mwenyewe sina hakika, na kilo zinazopita pale ni malipo ya mkulima aliyehangaika na shamba msimu mzima.

Sikutaka kufuta kwanza na kumjulisha baadaye. Jumamosi nilikwenda Hombolo na flashi mbili, moja tupu na nyingine yenye Ubuntu 22.04.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hii ya zamani ina kosa gani? Mbona inafanya kazi vizuri?”

Nilimweleza kwamba kazi inafanya, ila ikitoboka leo hakuna tena fundi wa kuiziba katika huduma ya kawaida. Alinyamaza kidogo, akasema, “Basi badilisha, lakini kilo za watu zisipotee.”

Nilinakili rekodi zote kwenye flashi tupu, nikaweka mfumo mpya, kisha nikazirudisha. Yeye akafungua daftari lake la kaunta, lile analoandika kwa kalamu kila mzani unapotulia, akaanza kunisomea kilo moja baada ya nyingine huku nikizifuata kwenye skrini kwa kidole. Tulimaliza kurasa zote jua likiwa limeshainama, na hakuna hata mstari mmoja uliopishana.

Baada ya hapo kufuta kulikuwa kazi ya muda mfupi: sharti likaondoka, njia ya zamani ikaondoka, na majaribio yote yakapita. Anayelazimika kubaki na 1.1.1 ataendelea kulipata toleo letu lililotangulia, ingawa sitalirekebisha tena. Maelezo ya toleo jipya nimeyaandika leo asubuhi, na mstari wake wa kwanza unamtaka mtumiaji anakili rekodi zake kabla ya kugusa kitu kingine chochote.