Simbi za Jjajja

Leo nimepeleka kidani cha Jjajja, nyanya yangu, kikatungwe upya. Uzi ulikuwa umelika karibu na kifungo, na nimechoka kukivaa huku nimekishika mkononi kila ninapopanda matatu. Nimekwenda Maasai Market, kwa mama mmoja anayetunga shanga bila hata kuangalia vidole vyake.

Ni simbi 17. Wengine huziita kauri, kombe za konokono wa baharini. Kila moja imebomolewa mgongo ili uzi upite, ndiyo maana zinalala bapa kifuani na upande wenye meno ukatazama nje. Moja tu haikubomolewa sawasawa. Yule mama aliigeuza akanionyesha kipande cha duara la manjano kilichosalia, chembamba kama ukucha uliokatwa. Miaka yote hii sikuwahi kukiona! Basi ni ile aina yenye pete mgongoni, iliyojaa kwenye miamba ya pwani yetu.

Jjajja alizaliwa Buganda, akaolewa huku. Nikimwomba hela ya mandazi alikuwa akijibu, "Sirina nsimbi, muzzukulu wange," yaani kwa Kiganda, sina pesa, mjukuu wangu. Nilijua ensimbi ni pesa, basi. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba alikuwa akitaja vitu vilivyokuwa shingoni mwake. Wafanyabiashara wa misafara walizipandisha bara kutoka pwani, na Buganda zikatungwa mia mia kwenye kamba, zikanunua mbuzi, zikalipa kodi. Waingereza wakaja na rupia, simbi zikakosa kazi sokoni. Jina halikuondoka. Hata leo, Kampala, aliyeishiwa ameishiwa ensimbi. (Waghana nao, sedi yao imetokana na jina la kauri kwa Kiakan.)

Shangazi hataki kuziona. Kwake ni vitu vya waganga, na kweli waganga huzirusha wakipiga ramli. Namheshimu, lakini hapo sikubaliani naye hata kidogo. Jjajja alikivaa kidani hiki kanisani kila Pasaka, juu ya gomesi yake, lile vazi refu la wanawake wa Buganda.

Mama wa sokoni alitaka kuniongezea simbi tatu mpya, nyeupe pe, ili kidani kijae. Nikamwambia hapana, mama, tunga hizihizi. Akauliza ipi ikae katikati. Nikamwonyesha ile yenye manjano.

Alipomaliza kufunga fundo nikamtumia pesa yake kwa simu, nikakivaa palepale.