Namba zinazoishia na sifuri

Siku moja, wagonjwa wakiwa wachache, nilikaa na rejista ya watoto ya mwezi uliopita nikaanza kuipekua. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa. Jicho likanasa kwenye safu ya pumzi kwa dakika: kurasa nzima zilikuwa tupu, na palipojazwa paliandikwa 30, 40, 30, 30, 40. Watoto gani hao wanaopumua kwa makumi? Na mwandiko mwingi ulikuwa wangu.

Mwongozo nilikuwa nao, na kwenye mtihani ningeujibu bila kukosea. Mtoto mwenye kikohozi, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni kupumua haraka. Kuanzia mwaka hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Akipumua haraka, hiyo ni nimonia, apewe antibiotiki ya amoksilini. Asipopumua haraka, kifua hakibonyei ndani anapovuta pumzi na hana dalili ya hatari, basi ni mafua, na antibiotiki haitamsaidia. Daktari wa watoto Frank Shann na wenzake walichapisha mwaka 1984 utafiti wao kutoka Papua New Guinea, wakitafuta dalili za kumtambua mtoto anayehitaji antibiotiki na yule wa kulazwa. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaingiza kuhesabu pumzi kwenye mwongozo wa kutibu watoto. Miaka yote hiyo imepita, na mimi bado nilikuwa nasikia kikohozi, mkono unaandika amoksilini wenyewe.

Nilianza vibaya. Niliwaita wenzangu, nikazungumza karibu saa nzima, nikabandika chati ukutani. Wiki mbili baadaye safu ilikuwa tupu vilevile. Nikamuuliza muuguzi wetu mkongwe kulikoni. Alicheka kidogo.

"Daktari, mtoto akifika mezani kwako ameshapimwa joto, ameshavuliwa nguo, ameshawekwa kwenye mzani. Analia. Utahesabu nini hapo?"

Alikuwa na haki. Mtoto anayelia hahesabiki, na hata ukihesabu, unachopata ni kilio. Tukahamishia kazi hiyo kwenye benchi la kusubiria, kabla mtoto hajaguswa na mtu, ikiwezekana akiwa bado amelala mapajani. Mama ndiye anayefunua nguo, si sisi. Na tukaacha kutazama saa ya ukutani, maana macho hayawezi kuwa kwenye mshale na kwenye tumbo kwa wakati mmoja. Simu inawekwa dakika moja, inalia yenyewe.

Mara ya kwanza nilipohesabu hivyo nilipata somo ambalo chati haikunipa. Mtoto wa miezi tisa, usingizini. Tumbo likapanda na kushuka harakaharaka, likasimama kidogo hadi nikashtuka, halafu likaanza tena polepole. Zamani, nilipojisumbua kuhesabu, nilihesabu robo dakika nikazidisha mara nne. Pale nikaelewa: ukiangukia kwenye ile haraka unapata nimonia, ukiangukia kwenye kutulia unapata mzima. Dakika nzima, nikigonga goti kwa kidole, akapata 44. Kwa umri wake ni salama.

Kuhesabu kukawa kumekaa sawa. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi: mama ametoka mbali, amesubiri, halafu unamrudisha bila dawa. "Kwa hiyo daktari, umenipa maneno tu?" Mmoja aliniambia hivyo usoni, na sikuwa na jibu. Utafiti ulinifundisha dawa ya kunyima. Haukunifundisha la kusema.

Sasa namba naisema kwa sauti. "Mama, amepumua mara 34. Angefika 40 ningempa dawa ya nimonia leo hii." Wengi wanauliza wanavyoweza kuangalia nyumbani, na hapo tumeanza kuelewana. Namwambia aendelee kunyonyesha au kumpa vinywaji mara kwa mara. Asali ni kwa aliyevuka mwaka mmoja tu, chini ya hapo marufuku. Namtajia yanayomrudisha mbio: anapumua haraka au kwa shida, kifua kinabonyea, ameshindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea. Na nimeacha kuahidi kwamba kikohozi kitaisha siku tatu. Kikohozi cha mafua kinaweza kuburuza wiki mbili au hata tatu. Ile ahadi yangu ya siku tatu ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka siku ya nne kununua antibiotiki wenyewe.

Kuna mtoto wa miaka miwili ambaye nusura anirudishe kwenye mkono wa zamani. Nilimhesabu 36, nikamruhusu. Baada ya siku mbili mama akarudi naye, anahesabika 52. Mwenzangu mmoja hakunificha: "Si ungempa tu mwanzoni?" Usiku ule sikulala vizuri. Lakini mama aliniambia alirudi kwa sababu aliona anapumua "kama ametoka kukimbia", na hilo ndilo tulilomwonyesha kwenye benchi. Amoksilini mara mbili kwa siku, siku 5, akapona nyumbani. Ile 36 ilikuwa kweli siku ile. Haikuwa dhamana ya kesho, na tangu hapo nalisema hilo pia kwa mdomo.

Rejista yetu siku hizi ina namba mbaya mbaya: 37, 43, 29, 51. Nazipenda hivyo. Nikiona 40 tatu zimefuatana kwenye ukurasa mmoja, nainuka kwenda kwenye benchi kuuliza simu iko wapi.