Kutafuta malazi nafuu Uingereza, mama mkwe akiwa kiti cha nyuma

Mkwe wangu alipofika kutoka Tanga mwezi wa saba, alikaa wiki mbili za kwanza bila kulalamika. Ya tatu ikamshinda. Akasema hakupanda ndege kutwa nzima kuja kutazama ukuta wa jirani yetu hapa Leicester, anataka kuiona milima ya Uskoti. Hakujua kwamba safari tulishaipanga tangu mwezi wa tano, siku ileile visa yake ilipotoka. Gari lilikuwapo na likizo ilikuwapo. Kichwa kiliniuma kwa jambo moja tu, pa kulala.

Ukiuliza watu waliozoea safari za gari huku, watakuambia uchukue chumba cha familia. Bei moja, watu wazima wawili na watoto wawili, kwenye hoteli za mlolongo kama Premier Inn au Travelodge. Sisi tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi, na mama. Watu wazima ni watatu, kwa hiyo hesabu imegoma hapo. Na hata wangeturuhusu, mimi nitalalaje chumba kimoja na mkwe? Nilimtania mke wangu kwamba tungeweza kuning'iniza shuka katikati. Hakucheka. Kwa hiyo kila usiku vyumba viwili, bibi na mjukuu wake kimoja, sisi kimoja, na mfukoni nilikuwa nimetenga paundi 800 kwa siku saba.

Hema nililipendekeza mapema. Sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 inaruhusu mtu kupiga hema sehemu nyingi za wazi bila kulipa, mradi asiharibu kitu, wakati Uingereza yenyewe karibu kila mahali lazima mwenye ardhi akubali. (Kulala ndani ya gari hakumo kwenye ruhusa hiyo, wengi hulikosea hili.) Nikampigia mama simu na kumuuliza kwa adabu zote, bila kutaja safari, angeonaje kulala kwenye hema. Akanyamaza kidogo. "Baba, mimi nitoke Tanga nije kulala nje kama mlinzi?" Hema likaishia hapo.

Kilichonisaidia zaidi ni kalenda. Huku bei ya chumba hupanda na kushuka kama tiketi ya ndege: chumba kilekile Jumamosi kinaweza kuwa mara mbili ya Jumapili. Nikapanga tuondoke Jumapili asubuhi, wakati wenzetu wanarudi. Pili, shule za Uskoti hufunguliwa katikati ya mwezi wa nane, ila za kwetu Leicester hufunguliwa baadaye kidogo. Ukienda wiki ya tatu ya Agosti, familia nyingi za Kiskoti zimesharudi makwao na mtoto wako bado yuko likizo. Edinburgh ndiyo usiiguse, mwezi huo una matamasha na bei za vyumba zinatisha.

Usiku mbili za kwanza tulilala Durham, kwenye bweni la wanafunzi. Vyuo vingi huku hukodisha mabweni yao wanafunzi wakiwa likizo, na Durham wanafanya hivyo hata ndani ya ngome ya kale iliyo mkabala na kanisa kuu. Ngome ilinishinda bei. Nikachukua chuo kingine juu ya kilima, vyumba viwili vya vitanda viwili-viwili, paundi 80 kila kimoja, na chai ya asubuhi ndani yake. Chumba cha mwanafunzi ni chumba cha mwanafunzi: meza, taa ya kusomea, godoro gumu. Mama alikipenda kuliko vyote. Alikaa mezani pale, akavaa miwani, akamwambia mjukuu, "Leo nami nimefika chuo kikuu." Asubuhi kwenye bwalo akamuuliza mpishi kwa ishara kama ile nyama ni nguruwe, akaachana nayo, akajaza sahani mayai na maharage.

Kwa Edinburgh tulilala ng'ambo ya maji, Dunfermline, Jumanne na Jumatano, hoteli ya barabarani karibu na mzunguko na kituo cha mafuta. Paundi 45 chumba, kwa sababu nilichukua bei ile ambayo ukighairi safari hurudishiwi kitu. Ni kamari hiyo, ndiyo maana nilingoja visa kwanza. Asubuhi tuliacha gari Ferrytoll, maegesho ya kituo cha basi, bila kulipa, na kupanda basi kuvuka mlango wa bahari wa Forth. Mama akaliona lile daraja jekundu la reli la mwaka 1890, akauliza nani analipaka rangi yote hiyo.

Halafu Glencoe, kwenye milima yenyewe, hosteli ya vijana. Neno "vijana" lisikutishe, tuliokuta pale wengi walikuwa wastaafu wenye fimbo za kupandia milima. Hosteli hizi zina vyumba vya faragha siku hizi, ila mara nyingi bafu ni la wote. Mama alikuja na kopo lake la plastiki kutoka nyumbani, akalizungushia kanga, akawa anapita nalo koridoni kama amebeba keki. Kilichotuokoa kifedha ni jiko. Kila mgeni huandika jina na tarehe kwenye mfuko wake ndani ya friji, sufuria ni za wote, unapika unachotaka. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, na ilipokatika usubi ukatoka kwa wingi hata mlango haufunguki. Mama akafungua makopo mawili ya tui, akapika wali na samaki niliyemnunua dukani njiani. Wale wastaafu wenye makaroni ya pakiti wakaanza kutugeukia mmoja mmoja. Bibi mmoja akaondoka na ukoko kwenye kisahani.

Jumamosi, siku ya bei mbaya, tulilala bure. Tulikwenda kwa jamaa Glasgow, magodoro yakatandikwa sebuleni, nikalala na wanaume wenzangu. Tulibeba mchele kilo kumi na boksi la maembe. Njia hii haimo kwenye programu yoyote ya kutafutia vyumba, lakini ndiyo iliyofanya hesabu ikae sawa: paundi 760 jumla.

Au nilidhani hivyo. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya wasimamizi wa maegesho, na picha ya gari langu likiingia kwenye maegesho ya moja ya hoteli tulizolala, faini paundi 100, ukilipa ndani ya siku 14 ni 60. Maegesho yalikuwa ya bure kwa wageni, ila mgeni alitakiwa kuandika namba ya gari kwenye kishikwambi pale mapokezi. Kilikuwa nyuma ya chombo cha maua. Sikulipa. Niliwatumia risiti ya chumba pamoja na maelezo mafupi, na baada ya siku kumi na moja wakaifuta. Tangu hapo nikifika hoteli yoyote, hata kabla ya kutaja jina langu, nataja namba ya gari.