Nusu ya nusu ya nusu

Wimbi langu la kwenye kompyuta lilikuwa linakosa kituo. Nililianzisha na kimo cha 2, na kwa mlinganyo wa Korteweg na de Vries, ule wa mwaka 1895 wa mawimbi ya maji ya kina kifupi, wimbi pweke la kimo hicho huenda kwa kasi ya 4. Muda ukifika 5, kilele kiwe kimesogea 20 kamili. Hakikuwepo. Russell, mhandisi wa Uskoti aliyeliona wimbi la aina hii mwaka 1834, alilifuata la kwake juu ya farasi kando ya mfereji karibu na Edinburgh. Mimi nimekaa kitini na bado linanipotea.

Nilikuwa natumia njia ya Zabusky na Kruskal ya mwaka 1965, inayokokotoa kimo cha wimbi kwenye nukta zilizopangwa mstarini, hatua moja ya muda baada ya nyingine. Umbali kati ya nukta ulikuwa 0.1, hatua ya muda 0.0003, na kompyuta ilimaliza kwa dakika 5. Nikaona nizisogeze nukta hadi 0.05. Kwa kujiona mwangalifu, hatua ya muda nayo nikaikata nusu.

Programu ililipuka kabla ya hatua ya 40: namba zikakua bila kikomo.

Nikaishuku sehemu ya wimbi kuzidishwa na mteremko wake, maana ndiyo yenye sifa mbaya. Niliigeuza kila namna hadi saa saba usiku, kisha kwa hasira nikaifuta kabisa. Ikalipuka vilevile!

Ndipo nikachapisha namba zenyewe, kule mbali na kilele ambako palitakiwa pawe shwari. Palikuwa na vikunjo vidogo vinavyojirudia kila baada ya nukta tatu, tatu, tatu, na kila hatua vinakua karibu mara sita.

Asubuhi nikampelekea mwalimu karatasi. Hakuisoma hata nusu.

"Drivativu ya tatu, lile badiliko la badiliko la badiliko la wimbi, unaigawa kwa kitu gani?"

"Kwa umbali wa nukta, kipeo cha tatu."

"Haya. Nusu ya nusu ya nusu ni ngapi?"

Nilinyamaza. Hatua ya muda haitakiwi kuzidi takriban 0.385 ya kipeo hicho cha tatu; kwa nukta zangu mpya, 0.000048. Yangu ilikuwa 0.00015.

Nikairudia ile ya mwanzo, 0.0003, nikaigawa kwa nane. Nukta mara mbili, hatua mara nane: dakika 5 zikawa saa moja na dakika 20. Kosa la kilele likashuka hadi kama robo ya lile la mwanzo, nikarudi kwa mwalimu natabasamu.

"Vizuri. Na ukitaka kuzikata nusu tena?"

Nikapiga hesabu palepale. Saa 21 na dakika 20.

"Mwalimu, ile sura ya njia nyingine, ya Fourier, ya kuligawa wimbi katika mawimbi sahili, iko kitabu gani?"