Mfupa Umeunga, Kiganja Bado Kimelala

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na mkono wa kulia ndio unaoshika mkasi. Bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye matope ya masika, nikaangukia upande huohuo. Hata kabla ya eksirei daktari aliniambia, "Mama, nyanyua kiganja kama unasimamisha daladala." Kikaning'inia. Kukunja vidole niliweza, kuvinyoosha vikagoma. Akagusa mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, akabonyeza kucha aone wekundu ukirudi, kisha akapapasa mgongo wa kiganja, kati ya gumba na kidole cha shahada. Hapo palikuwa na ganzi.

Damu inapita, akasema, ila mshipa wa fahamu umeumia. Mfupa wa kati ya bega na kiwiko ulikuwa umekatika katikati, na mshipa huo, uitwao neva ya radiali, hupita nyuma yake ukiwa umeulalia kabisa. Mfupa ukiachana pale, neva huvutika au kuchubuka. Kwa kuwa ngozi haikutoboka, alisema wengi wa namna yangu hurudiwa na nguvu bila kupasuliwa, basi tungoje miezi mitatu minne kwanza.

Nikafungwa hogo, mkono ukatundikwa shingoni. Nililala nimekaa, nimeegemea mito, maana uzito wa mkono wenyewe ndio unaouvuta mfupa ukae kwenye mstari. Nilionywa pia: vidole vikipoa, vikipauka, au maumivu yakizidi kila nikinyooshewa vidole, nirudi hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Jirani yangu alitaka nipelekwe kwa mkandaji. Nia yake njema, lakini kukanda mfupa uliovunjika kando ya neva iliyoumia ni kuitafutia jeraha la pili. Nilimshukuru, sikwenda.

Hogo lilipotolewa, pole za watu zikaisha. Mfupa umeunga, basi umepona! Kumbe kazi yenyewe ndiyo kwanza iko nusu.

Kilichonifaa kuliko vyote ni banzi la plastiki lenye mikanda, nililopewa na mtaalamu wa viungo tangu wiki za mwanzo. Linakiinua kiganja kidogo. Ukitaka kujua faida yake, kunja kiganja chako chini kabisa, halafu jaribu kufumba ngumi: nguvu hazipo. Siku nililovaa nilishika kikombe cha chai. Mara kadhaa kwa siku nililivua, nikatumia mkono wa kushoto kukiinua kiganja cha kulia na kunyoosha kidole kimoja kimoja, viungo visikakamae.

Neva, daktari aliniambia, ikiwa inaota upya huenda kama milimita 1 kwa siku. Nikachukua tepu yangu ya kupimia nguo, nikapima kutoka pale mfupa ulipokatika mpaka kwenye misuli iliyo chini kidogo ya kiwiko: sentimita kama 12. Hiyo ni miezi minne! Hesabu hiyo ilinituliza kuliko maneno yote ya kutiwa moyo. Nikaacha kuamka kila asubuhi nikitazamia muujiza. Kijana wangu wa dukani akawa anakata, mimi nakanyaga cherehani na kusukuma kitambaa kwa mkono wa kushoto.

Dalili ya kwanza haikuwa kwenye kiganja. Nilikuwa nakunja kiwiko, gumba likitazama juu, nikaona msuli wa pembeni umetuna. Baada ya hapo kifundo kikaanza kuinuka, mwanzoni mkono ukiwa umelazwa mezani tu, kisha hata hewani. Vidole vikafuata. Gumba likawa la mwisho, na mkasi haufunguki bila gumba. Kufunga sikuwahi kushindwa, shida ilikuwa kuuachanisha.

Sasa kitenge nakata mwenyewe. Vitambaa vizito vya suti bado namwachia kijana.