Kodi za apatimenti Dodoma, nilivyopata jengo lisilopandisha hovyo

Jamani nimeshahamia, leo ndo nimelala usingizi. Kule Area C kila mkataba wa miezi sita ukiisha kodi inapanda, mara ya mwisho kutoka 250,000 hadi 330,000. Nikazunguka na madalali Ilazo na Kisasa, hela ya kuonyeshwa ikaisha bure, dalali anakutajia bei ya leo tu. Kilichosaidia ni kwenda mwenyewe Nkuhungu jioni watu wametoka kazini, nikawa nauliza wapangaji wa zamani, uliingia kwa shilingi ngapi na sasa unalipa ngapi? Mama mmoja ana miaka 5 pale kapandishiwa mara mbili, elfu kumi kumi. Nikamfuata mwenye nyumba, tukaandika kwenye mkataba haipandi zaidi ya elfu 20 kwa mwaka, tukasaini mbele ya mjumbe.